Kiwanja cha Arobaini na Moja

Shangazi yangu analala kitandani kwangu, mimi nalala kwenye kochi sebuleni, na mwenye makosa ni mimi. Nalisema mapema ili msije mkanionea huruma njiani. Nyumba niliyopanga ina chumba kimoja, sebule, na jiko ambalo wakiingia watu wawili, mmoja lazima atoke kinyumenyume. Niliichagua nikiwa na akili za mtu wa peke yake. Shangazi aliingia na masanduku mawili, mabati ishirini na sita, na mlango mzima wa mbao wenye kitasa chake. Mabati yamelazwa nje, ubavuni mwa nyumba. Mlango umeegemezwa nyuma ya kochi, na nikigeuka vibaya unanigonga kisogoni.

Alikuja kwa wiki tatu. Hayo ni maneno yangu mwenyewe: "Wiki tatu tu, shangazi. Mawe ya mpaka yakishawekwa unaanza kujenga." Aliniamini, maana mimi ndiye afisa mipango miji wa halmashauri, na katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyesoma kazi hiyo. Kila asubuhi, kabla sijavaa viatu, alikuwa ananiuliza swali moja.

"Leo wanaweka?"

"Bado, shangazi. Wako safu za chini."

"Waambie wasilale."

Kilima chetu kiko mwisho wa mji, pale lami inapokata tamaa na kuwa vumbi. Zamani yalikuwa mashamba matupu. Kisha mji ukakisogelea, watu wakaanza kujenga kila mmoja anavyojua, choo cha huyu juu ya kisima cha yule, na gari la zimamoto likija halina pa kupita. Halmashauri ikaamua kupapanga, na kazi nikapewa mimi. Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza: kila mwenye shamba anatoa sehemu ya ardhi yake kwa ajili ya barabara, halafu anarudishiwa kiwanja kilichopimwa na chenye hati. Familia arobaini na moja, viwanja arobaini na moja, kuanzia barabara ya chini kupanda hadi mpaka wa msitu wa serikali ulioko kileleni. Kilima kinazidi kuwa chembamba kadiri unavyopanda, kwa hiyo safu ya mwisho, ya nane, ilitosha kiwanja kimoja tu. Hicho ndicho alichokichagua shangazi, kwa sababu ya upepo, alisema, na kwa sababu hakuna jirani wa kummwagia maji machafu kutoka juu.

Alikuwa na nyumba yake, tena nzuri, huku chini. Ni nyumba waliyoiacha babu na bibi. Barabara ya mita kumi na mbili, niliyoichora kwa mkono wangu, ilipita katikati ya sebule yake. Wengine wanne walikuwa kwenye njia hiyo hiyo na walikataa katakata kubomoa. Mradi mzima ukakwama. Siku moja shangazi akaegemeza ngazi ukutani, akaniambia niishike, akapanda mwenyewe, akaanza kung'oa mabati.

"Mtoto wetu ndiye amechora," aliwaambia majirani waliosimama kumtazama. "Na mimi shangazi yake nimkatalie?"

Ndani ya wiki moja wale wanne nao wakabomoa. Bila yeye nisingekuwa na barabara, na bila barabara nisingekuwa na mradi.

Sasa niseme habari ya kamba.

Wakati wa kuandaa mchoro, kifaa cha ofisi cha kupimia kilikuwa kwa fundi, na mkuu wa idara alitaka mchoro Ijumaa ili uingie kwenye kikao cha madiwani. Kamati ya ardhi ya kilimani ikajitolea kupima yenyewe. Mwenyekiti wake ni baba mkubwa, kaka yake shangazi, mzee wa miaka sabini na minne aliyewapimia mashamba watu wote kule kwa kamba moja ya katani yenye urefu wa mita thelathini kamili. Hajawahi kukosea, na atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Mimi nilikwenda na daftari.

Walianzia barabarani. Mmoja anashika ncha ya chini, baba mkubwa anapanda na ncha ya juu, kamba inalazwa juu ya majani, kigingi kinapigwa, wanaendelea. Mtu yeyote aliyemaliza hata mwaka wa kwanza chuoni anajua kwamba mlimani hupimi hivyo. Ramani ni bapa. Kamba ikilala kwenye mteremko inakupa urefu wa mteremko, ambao siku zote ni mkubwa kuliko ule utakaoukuta kwenye karatasi. Kwa hiyo ncha ya chini inanyanyuliwa mpaka kamba iwe sawa, haipandi wala haishuki, ndipo unapima. Nilijua. Mtihani wenyewe niliufaulu vizuri.

"Baba," nikasema, "kamba inabidi inyanyuliwe huku chini, isiguse ardhi."

Baba mkubwa akasimama, akageuka, akanitazama kutoka juu.

"Tuinyanyue tupime nini, hewa? Hapa tunagawa ardhi, mama. Hewa kila mtu atavuta yake."

Wajumbe wa kamati wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Ningeweza kubisha. Lakini yule ni baba yangu mkubwa, wenzake wako pale, na kamba ni yake. Mimi niliyebebwa mgongoni na dada yake nimsahihishe mbele ya watu? Nilijiambia nitarekebisha ofisini, hesabu yake ni ya dakika kumi tu. Kamba tisa. Nikaandika: mita mia mbili na sabini.

Ofisini nilimkuta mkuu wa idara amesimama mlangoni anatazama saa. Kurekebisha kulihitaji kujua mteremko ni mkali kiasi gani, na hicho nilikuwa sijakipima. Nilichora mita mia mbili na sabini. Safu nane za mita thelathini na barabara tatu ziliingia zote bila kubaki hata hatua moja, na nakumbuka nilifurahi zilivyoenea. Madiwani waliipitisha plani kwa makofi. Baada ya hapo, Mungu anisamehe, nikasahau.

Mpima wetu tunamwita Darubini, kwa sababu ukimsalimia akiwa kazini anakujibu jicho likiwa bado kwenye kifaa. Kifaa kilipotoka kwa fundi, alianza kuweka mipaka kutoka chini kupanda, safu baada ya safu. Watu hawakungoja hati. Saruji ya kigingi ikikauka tu, mwenye kiwanja yuko pale na sululu anachimba msingi, kana kwamba usiku ardhi itamtoroka. Darubini alipomaliza safu ya saba, akanipigia simu.

"Dada, panda huku."

"Kuna nini?"

"Panda tu. Haya si ya kwenye simu."

Nilimkuta amesimama kati ya vigingi vya nyuma vya safu ya saba na nguzo za zege za mpaka wa msitu. Hakuwa na haja ya kunieleza. Ningeweza kurusha kiatu kutoka vigingi hivi kikapita nguzo zile. Tulipima mara tatu, mara ya mwisho nikiwa mimi mwenyewe kwenye kifaa. Mita sita na sentimita sitini. Kiwanja cha shangazi kilitakiwa kiwe na mita thelathini.

"Nani alikupa mia mbili na sabini?" akauliza Darubini.

Nikamweleza.

"Mkalaza kamba chini?"

"Tulilaza."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Akafunika kioo cha kifaa chake taratibu. "Huu mteremko ni nyuzi ishirini na nne, dada. Hapo umekula mita ishirini na tatu na kitu. Ungesema mapema, kila safu ingepunguzwa mita tatu, na hakuna mtu ambaye angelia. Sasa nenda kamwambie mtu ambaye nondo zake ziko ardhini asogee."

Nilitazama chini. Kilima chote kilikuwa kimejaa watu walioinama. Kila shimo la msingi lilikuwa pale pale nilipolichora. Mwanamke wa safu ya tatu aliniona, akaninyooshea mikono yote miwili juu, akapiga kelele kunishukuru. Nilimpungia. Kisha nikakaa kwenye nguzo ya msitu.

Mkuu wa idara alinisikiliza akichokonoa meno.

"Kwenye karatasi kiwanja kipo?"

"Kipo."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Kwenye ardhi hakipo, mkuu."

"Nakuelewa, si mtoto mimi." Akatupa kijiti kwenye ndoo ya taka. "Nisikilize. Plani ikirudi kwa madiwani, hati zote arobaini zinasimama. Miaka miwili, kama una bahati. Waliochimba watafukia. Mimi na wewe tutaandika barua za kujieleza, na yako itakuwa ndefu kuliko yangu."

"Na lile eneo la wazi, la watoto kuchezea? Tukikata kipande pale?"

"Ukigusa lile, ni plani mpya. Tumerudi kule kule."

"Na tukizichukua msituni, hizo mita zilizopungua?"

"Unataka yule mama alale mahabusu?" Akafungua faili, akatafuta namba arobaini na moja. "Halafu ni nani huyu?"

"Shangazi yangu."

Uso wake ukang'aa. "Sasa si ungesema! Angekuwa mtu baki tungepelekana mahakamani. Kampakepake mafuta. Kikao cha wamiliki ni Jumamosi ya wiki ijayo. Aseme pale mbele ya wote kwamba ameachia kwa hiari yake, wewe uandike, mimi nigonge muhuri, yaishe."

Nilimchukia. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipotoka mlangoni nilihisi nafuu kidogo, kwamba angalau kuna upenyo, na upenyo wenyewe ni mgongo wa shangazi.

Siku nane nilikaa na jambo hilo ndani ya nyumba ya chumba kimoja. Jaribuni. Kazini mkuu ananiuliza, "Umeshamwambia?" Nyumbani shangazi ananiuliza, "Leo wanaweka?" Nikipita kilimani, watu wananiita wanibariki, wananipa ndizi, wananionyesha vyumba ambavyo bado ni mitaro. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na kila niliyemtazama kuomba msaada alikuwa ananishukuru.

Na kila jioni tulikuwa tunachora nyumba. Shangazi anafuta meza, anatandika karatasi niliyomletea kutoka ofisini, ananisimamia begani.

"Jiko liwe kubwa. Nimechoka kurudi kinyumenyume humu kwako kama gari la taka."

"Hivi?"

"Ongeza. Na dirisha lake liangalie chini, nimwone anayekuja kabla hajafika. Wengine nitazima moto mapema wadhani tumeshakula."

Nilimchorea dirisha. Nilimchorea baraza upande wa jua la asubuhi. Siku ya tano akasema ule mlango wa nyuma ya kochi ndio utakuwa wa mbele, ameutoa kwenye nyumba ya mama yake, kwa hiyo niupime kabla sijachora nafasi yake, isije ikawa finyu. Nikaupima, tena vizuri kabisa, mpaka milimita. Yeye alikuwa anashikilia upande wa pili wa futi na kuimba chinichini. Nilitaka ardhi inimeze, lakini hata hiyo ardhi ndiyo hivyo tena, ilikuwa haitoshi.

Alhamisi jioni nikashindwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anachambua maharage.

"Shangazi, kiwanja hakipo."

"Hakipo wapi?"

"Hakipo kabisa. Ardhi imeisha."

Akacheka. "Ardhi inaishaje, kwani sukari?"

Sikucheka. Nikakaa chini sakafuni, nikamweleza kila kitu bila kuruka: kamba, mteremko, maneno ya kaka yake kuhusu hewa, Ijumaa, Darubini, mkuu wa idara. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe kwenye maharage, kisha vikapunguza mwendo, kisha vikasimama.

"Siku ile ya kamba ulijua?"

"Nilijua."

"Ukacheka nao."

"Nilicheka."

"Kwa hiyo mimi niko juu ya ngazi nang'oa mabati, wewe uko chini unanishikia ngazi, na unajua."

"Nilikuwa nimesahau, shangazi. Nilidhani—"

"Usinidhanie."

Shangazi ninayemjua mimi akikasirika hufoka, anakutukana na ukoo wako akisahau ni wake, halafu anakupakulia chakula. Jioni ile hakufoka. Alisema polepole, macho yakiwa kwenye ungo.

"Nilizaliwa kwenye nyumba ile. Mama yangu alikata roho kwenye chumba cha mkono wa kulia ukiingia mlangoni, nimemshika kichwa. Nimeivunja ili watu wasikucheke wewe."

Nilimwambia kwamba Jumamosi nitasimama nitasema ukweli wote. Nilikuwa nalia na sikujali. Aliningoja nimalize.

"Ukisema, itakuwaje?"

"Plani inarudi. Hati zinasimama. Walio juu wengine itabidi wafukie misingi yao."

"Na wewe?"

"Sijui. Huenda wakanifukuza."

"Na kaka yangu?"

Sote wawili tulijua. Watu arobaini wakiambiwa wafukie misingi, jambo la kwanza watakalouliza ni nani alishika kamba, na mzee yule hana kitu kingine duniani cha kujivunia. Mke alishatangulia, watoto hawapigi simu. Ana kamba yake tu.

Shangazi akainuka, akaweka maharage jikoni, akaingia chumbani na kufunga mlango. Tangu aje alikuwa hajawahi kuufunga. Ijumaa nzima hakusema nami neno zaidi ya salamu. Chai aliniwekea mezani kama kawaida, na sukari yake kama ninavyoipenda, na nilitamani angenimwagia.

Kikao kilikuwa kwenye darasa la shule iliyoko ubavuni mwa kilima. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, viatu vina udongo wa misingi. Baba mkubwa alikaa kwenye meza ya mwalimu kama mwenyekiti. Mkuu wa idara alikaa kando yake na mfuko wake wa mihuri. Mimi nilikuwa katibu, nimepewa dawati la mbele kabisa, mgongo kwa watu wote.

Ajenda ilikuwa moja: kila mwenye kiwanja asimame athibitishe namba yake kabla hati hazijachapwa. Mmoja mmoja walisimama. Kumi, ishirini, thelathini. Nilikuwa nimepiga moyo konde. Nilikuwa na sentensi tatu nilizozikariri tangu alfajiri, ya kwanza ikianza na "Mimi ndiye niliyekosea", na nilijua kwamba nikishaitoa hiyo ya kwanza, nyingine zitafuata zenyewe. Mkuu wa idara alikuwa ananikazia macho. Arobaini akasimama, akathibitisha, akakaa.

Kabla sijafungua mdomo, nikasikia dawati linakwaruza sakafu nyuma.

"Mwenyekiti, na mimi nina langu," alisema shangazi.

Kalamu ilinitoka mkononi. Nitasema ukweli: nilitaka aseme yeye. Aniumbue mbele ya wote, iishe, nisiwe mimi niliyelitamka. Ndivyo nilivyo mwoga.

"Kile kiwanja changu cha juu," akasema, "sikitaki tena."

Darasa likanong'ona.

"Hukitaki?" Baba mkubwa alivua miwani. "Ulipigania wewe mwenyewe!"

"Nilipigania nikiwa na magoti, kaka. Wiki iliyopita nilipanda kwenda kukiangalia, kushuka nikashuka nimekaa."

Kicheko kikapasuka darasa zima.

"Wewe?" baba mkubwa akamtania. "Si ndiye uliyekuwa unatupita wote na debe la maji kichwani?"

"Debe lilikuwa na maji tu. Sasa nimebeba miaka."

"Na utaishi wapi?"

"Kwani si kwa mtoto wangu huyo hapo? Tumeshazoeana. Yeye ananipikia, mimi namgombeza."

Wakapiga makofi. Mkuu wa idara ndiye aliyeanza. Mwanamke wa safu ya tatu akasema kwa sauti kwamba watoto wa namna hii hawapatikani siku hizi, mwingine akaitikia kwamba na elimu yote ile hajajisahau, na mimi niliyevishwa kilemba cha ukoka nikahisi masikio yanaungua. Shangazi wiki iliyopita hakupanda popote. Na angepanda, angefika kileleni kabla yangu.

Nikasimama. "Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Katibu haombi nafasi," alisema baba mkubwa, bado anacheka. "Katibu anaandika."

"Baba, ni kuhusu siku ile tulipopima. Ile kamba—"

"Kaa chini, mwanangu," alisema shangazi.

Hakupaza sauti. Niligeuka nikamtazama. Hakuwa ananibembeleza, na msamaha sikuuona usoni mwake. Alikuwa ananiamuru, vile alivyokuwa akiniamuru utotoni nisiguse sufuria ya moto. Nikamtazama baba mkubwa, ameinua uso anasubiri nimalizie habari ya kamba yake, labda akitegemea sifa. Nikawatazama wale watu na udongo wao. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwepo kabisa mdomoni.

"Andika kama nilivyosema," akaongeza.

Nikakaa. Niliogopa, sina neno lingine la kulipamba. Nikaokota kalamu nikaandika kwa hati nzuri: mmiliki wa kiwanja namba arobaini na moja ameachia kiwanja chake kwa hiari yake mwenyewe, kutokana na maumivu ya magoti. Shangazi akaja mbele, akatia sahihi. Muhuri ukagongwa. Mkuu wa idara alinipiga begani akipita, akasema kazi nzuri.

Tulitoka wa kwanza, watu wakiwa bado wanapeana mikono ndani. Shangazi alitangulia. Alishuka ile njia ya mawe kwa mwendo wake wa siku zote, haraka, gauni ameliinua kidogo kwa mkono mmoja, na mimi nikawa namkimbilia nyuma na daftari la muhtasari kwapani. Nilikuwa na mambo mia ya kumwambia na sikupata hata moja la kuanzia.

Nyuma yetu sauti zikaanza kusikika. Watu walikuwa wanatoka darasani. Shangazi akasimama ghafla katikati ya njia.

"Nilisema mguu gani?"

"Nini, shangazi?"

"Mguu unaoniuma. Nilisema upi?"

Sikukumbuka. Nikafungua daftari, nikatafuta mstari, nikausoma. Sauti zilikuwa zinakaribia.

"Ulisema magoti," nikamwambia. "Yote mawili."

"Yote mawili," akarudia. Akashusha pumzi ndefu, akaitazama njia iliyobaki, halafu akalegeza magoti, akainama mgongo, na mbele ya macho yangu akazeeka miaka kumi.

"Mpaka lini, shangazi?" nikauliza.

"Wewe ndiye uliyeandika. Nishike, wanakuja."

Nikamshika mkono. Tukaanza kushuka hatua kwa hatua, yeye akichechemea, mimi nikimwegemeza. Watu wakatufikia, wakampa pole, na yeye akawaitikia mmoja mmoja.